Kaseti moja, mashine mbili: duka linalofunguka kwenye Game Boy Advance tu

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Kaka yangu aliniachia Game Boy Color yake, na mwaka huu nimepata Game Boy Advance SP iliyotumika. Nacheza The Legend of Zelda: Oracle of Seasons. Kwenye Color kuna duka pale Horon Village ambalo halifunguki hata ufanye nini. Nikaihamishia kaseti kwenye SP, nikakuta duka liko wazi na muuzaji yumo ndani. Nimerudisha kwenye Color, limefungwa tena. Kaseti ni hiyo hiyo moja na intaneti haipo. Imejuaje iko wapi? Halafu binamu yangu ana Switch 2. Gemu zake za Switch ya kwanza, nyingine zimekuwa laini ajabu, nyingine zinaonekana kama zina ukungu. Ni mambo yale yale?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: kaseti yako haina ugonjwa wowote. Hilo duka linaitwa Advance Shop, na waliolijenga walikusudia lifanye hivyo hivyo ulivyoona. Linalonifurahisha mimi ni tarehe. Oracle of Seasons ilitoka Japani tarehe 27 Februari 2001. Game Boy Advance yenyewe ilianza kuuzwa huko tarehe 21 Machi 2001. Kwa hiyo kwa wiki tatu hivi kaseti ile ilikuwa mikononi mwa watu ikiwa na duka ambalo hakuna mashine yoyote madukani ingeweza kulifungua. Watengenezaji waliandika mlango kwanza, ufunguo ukafuata.

Sasa, imejuaje? Ukiwasha Game Boy ya aina yoyote, si kaseti inayoanza kufanya kazi. Kinachoanza ni programu ndogo sana iliyochomwa ndani ya mashine tangu kiwandani. Hiyo ndiyo inayoonyesha nembo, kuliza ile sauti ya kengele, na kuhakikisha nembo iliyomo kwenye kaseti ni sahihi. Ikimaliza inaondoka na kuiachia kaseti usukani. Lakini inapoondoka haisafishi meza. Ndani ya prosesa kuna rejista, yaani vikasha vichache vya namba ambamo hesabu zote hupitia, na vikasha hivyo hubaki na namba za mwisho zilizotumika. Namba hizo hazilingani kati ya mashine na mashine.

Kwenye Game Boy ya mwaka 1989, rejista A hubaki na 01. Kwenye Game Boy Pocket hubaki na FF. Kwenye Game Boy Color hubaki na 11 (hizi ni namba za mfumo wa kumi na sita, ndiyo maana zina herufi). Game Boy Advance ikiwekewa kaseti ya zamani nayo huacha 11 kwenye A, kwa sababu imejivika umbo la Color. Tofauti iko kwenye rejista ya jirani, B. Kwenye Color biti ya mwisho ya B (biti ni alama ndogo kuliko zote, 0 au 1) ni 0, kwenye Advance ni 1. Walioichambua programu ile ya kuwashia wamekuta kwamba Nintendo waliongeza amri moja tu: ongeza moja kwenye B. Hiyo amri moja ndiyo ufunguo wa duka lako.

Fikiria mtu aliyelala ndani ya basi usiku. Akishtuka hamuulizi kondakta. Anachungulia dirishani mara moja, akiona mafungu ya machungwa na kibao cha Muheza anajua Tanga haiko mbali. Kaseti inafanya hivyo hivyo, na lazima ichungulie papo hapo, katika amri zake za kwanza kabisa, kwa sababu rejista ndizo zinazobeba kila hesabu. Ukipiga hesabu moja kabla ya kuchungulia, alama imefutika na huwezi kuirudisha mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Mwandishi mzuri wa programu huinakili alama ile mahali salama kwenye kumbukumbu. Baadaye sana, unapofika Horon Village, mlango unaangalia alama iliyohifadhiwa na kuamua kama ukupishe au la.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulikosea, nalo ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Wengi hudhani gemu ya Color ikiwa ndani ya Advance inatumia nguvu za Advance. Haitumii hata kidogo. Advance ina prosesa mbili: moja mpya ya aina ya ARM, inayokwenda kwa megahezi 16.78, na nyingine ya zamani ya biti 8, ya ukoo wa Game Boy. Umbo la kaseti ya zamani ni tofauti, na ukiisukuma ndani inakandamiza swichi ndogo iliyomo kwenye tundu. Swichi ile inapandisha umeme wa kaseti kutoka volti 3.3 hadi volti 5 na kuiambia mashine iamke kwa upande wa zamani. ARM inakaa pembeni. Kumbukumbu kubwa ya Advance haifikiwi, wala skrini yake pana ya nukta 240 kwa 160 haitumiki yote. Picha ya nukta 160 kwa 144 inakaa katikati na weusi kando. (Bonyeza L au R uone: SP inaivuta picha mpaka kingo za kushoto na kulia. Sura zinanenepa, mimi siipendi.)

Kwa hiyo kaseti haikupewa nguvu yoyote. Ilichopata ni habari tu: ilijua jina la mwenyeji wake. Kila kilichomo ndani ya Advance Shop, Color ingeweza kukionyesha bila kutoa jasho. Kilichouzwa mle ni pamoja na pete za ukumbusho wa Game Boy Advance, ambazo hazikusaidii kwenye pambano lolote ila zinahitajika kama unataka kukamilisha pete zote 64. Nitasema ninavyoona: lile duka lilikuwa tangazo la kumshawishi mtoto anunue mashine mpya. Si dhambi, lakini si ubunifu mkubwa.

Linganisha na Shantae, ya kampuni ya WayForward, iliyotoka 2002. Nayo inachungulia rejista B. Ikigundua iko kwenye Advance inakupa umbo la ziada la kujigeuza, lakini kubwa zaidi inabadilisha rangi. Advance ya kwanza haikuwa na taa kwenye skrini, na kioo chake kilionyesha rangi zikiwa zimefifia na kuingia giza. Gemu iliyopakwa rangi kwa ajili ya Color ilionekana kama imewekwa jioni. WayForward wakaandaa rangi za pili, zenye mwanga zaidi, kwa ajili ya kioo kile tu. Hapo mtu ameitumia habari ileile ya biti moja kumsaidia mchezaji aone vizuri. Kwako wewe mwenye SP, ambayo ina taa, rangi zile zinaweza kuonekana zimepauka kidogo, hasa kama SP yako ni ya toleo la baadaye lenye taa nyuma ya kioo badala ya mbele. Usidhani skrini imekufa. Ni dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa ambao mashine yako haina.

Game Boy Color yenyewe ni habari nyingine, kwa sababu pale nguvu zilikuwa za kweli. Ilitoka mwaka 1998 ikiwa na prosesa inayoweza kukimbia mara mbili ya ile ya 1989, kumbukumbu ya kilobaiti 32 badala ya 8, na rangi 32,768 za kuchagulia, 56 kati yake zikiwa kwenye skrini kwa wakati mmoja bila hila. Lakini nguvu hizo zilikuwa nyuma ya lango. Kila kaseti ina baiti ya utambulisho mahali maalumu pa kuanzia. Ikisoma 80, maana yake "mimi naijua Color, lakini hata kwenye Game Boy ya zamani nafanya kazi". Ikisoma C0, maana yake "mimi ni wa Color tu". Ikikosa alama yoyote kati ya hizo, Color inafunga lango na kujifanya Game Boy ya zamani.

Ndiyo maana kaseti zilitofautishwa rangi. Za kijivu ni za zamani, nyeusi zinakwenda kote kuwili, na zile za plastiki unayoweza kuona ndani ni za Color peke yake. Tena ukizichunguza hizi za mwisho utaona pembe ya juu haina ule mkato mdogo. Game Boy ya kwanza ilikuwa na kilimi kinachoingia kwenye mkato ule swichi ya kuwashia inaposukumwa. Pasipo mkato, swichi haisogei. Ulinzi wa plastiki tu, bila programu yoyote, na unafanya kazi mpaka leo.

Mfano mzuri kuliko yote wa kaseti nyeusi, kwangu mimi, ni Link's Awakening DX ya 1998. Ndani yake kuna handaki zima ambalo huingii ukiwa kwenye Game Boy ya zamani. Mafumbo yake yanategemea rangi: nyekundu, bluu, kijani. Kwenye skrini ya vivuli vinne vya kijani-kijivu usingejua lipi ni lipi. Mlango ulifungwa kwa sababu nyuma yake pasingechezeka. Hicho ndicho kipimo ninachotumia kila nikiona gemu yenye sehemu ya mashine mpya pekee: je, sehemu ile ingekufa kwenye mashine ya zamani, au imefichwa tu?

Na zile kaseti za kijivu, ambazo hazijui kabisa kwamba Color ipo? Mashine inazipaka rangi yenyewe. Programu ya kuwashia inasoma jina la gemu, na kwa baadhi ya gemu za Nintendo wenyewe ina rangi zilizoandaliwa tangu kiwandani. Nyingine zinapewa rangi za jumla. Nembo ikiwa bado inaonekana, bonyeza mshale wowote, peke yake au pamoja na A au B, utapata michanganyiko 12. Gemu haijui lolote. Imevishwa nguo usingizini.

Kuchungulia rejista si njia pekee. Mwaka 1994 Nintendo waliuza Super Game Boy, kaseti kubwa ya kuchomeka kwenye Super Nintendo ili ucheze gemu za mkononi kwenye televisheni. Pale kaseti ilitumia hila ninayoipenda sana: iliomba rimoti ya mchezaji wa pili. Game Boy ya mkononi ina seti moja tu ya vitufe, haiwezi kujibu ombi hilo. Super Nintendo inaweza. Jibu likija, gemu inajua iko sebuleni, na inatuma fremu ya picha ya kuzunguka skrini, rangi, hata sauti. Amri za kufanya hayo zilipita kwenye waya zilezile za kusomea vitufe, biti moja baada ya nyingine, na data kubwa kama ya picha ilipitia ishara ya skrini. Space Invaders ya mwaka huohuo ilikwenda mbali zaidi ya zote: ndani ya kaseti ya Game Boy kulikuwa na toleo kamili la Super Nintendo, likapakiwa kwenye mashine kubwa na kuendeshwa na prosesa yake. Hapo nguvu zilitumika kwelikweli.

Miaka tisa baadaye, 2003, ikaja Game Boy Player ya kukaa chini ya GameCube. Gemu za Advance zilizotaka kujua kama ziko pale zilionyesha nembo maalumu, kisha zikasoma vitufe. Game Boy Player ikiiona nembo ile inajibu kwa kudai kwamba juu, chini, kushoto na kulia vimebonyezwa vyote kwa pamoja. Wewe jaribu kwenye msalaba wa SP yako. Hakuna kidole kinachoweza. Kwa kuwa binadamu hawezi, ishara haiwezi kukosewa. Baada ya hapo gemu kama Mario & Luigi: Superstar Saga zinaweza kuitetemesha rimoti ya GameCube mkononi mwako, jambo ambalo Advance yenyewe haina mota ya kulifanya.

Mashine zilizofuata sitazikalia sana, kwa sababu mfumo ulibadilika: mashine zikaanza kuwa na programu endeshi, na gemu ikawa inauliza waziwazi badala ya kuchungulia. Nitaje mbili tu. DSi, iliyotoka Japani 2008, ilikuwa na kumbukumbu megabaiti 16 dhidi ya 4 za DS, na kamera. Pokémon Black na White zilitumia kamera hiyo kwenye mazungumzo ya video, huku kwenye DS ya kawaida zikicheza bila picha. Lakini kulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwa herufi kubwa: gemu za DS hazikuwa na kufuli la kanda, na hizi zilizoongezewa mambo ya DSi zilikuwa nalo zikiwekwa kwenye DSi. Mtu aliyenunua kaseti Japani akaipeleka kwenye DSi ya Ulaya, haikufunguka. Ya pili ni New Nintendo 3DS ya 2014, yenye prosesa ya megahezi 804 badala ya 268 na kumbukumbu maradufu. Super Smash Bros. ya 3DS ilijaza mashine ya kwanza hata ukitoka kwenye gemu mashine inajiwasha upya. Kwenye New 3DS unatoka kama kawaida.

Sasa twende kwa binamu yako. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na gemu ya Switch ya kwanza ikiwa ndani yake inaweza kuwa katika hali mojawapo ya tatu.

Hali ya kwanza, gemu haijui chochote, kama kaseti ya kijivu kwenye Color. Tofauti ni kwamba safari hii inaonja nguvu bila kujua. Kama iliandikwa ilenge fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, ikawa inashindwa kwenye mashine ya kwanza, sasa inafika. Kama ilikuwa inapunguza ukali wa picha mambo yanapokuwa mengi, sasa haina haja ya kupunguza. Hiyo ndiyo ulaini aliouona. Lakini kama mwandishi aliiwekea kikomo cha fremu 30, itabaki 30 hata uipe mashine ya namna gani, kwa sababu kikomo kimo ndani ya programu yenyewe.

Na ukungu je? Skrini ya Switch ya kwanza ina nukta 1280 kwa 720. Ya Switch 2 ina 1920 kwa 1080. Gemu isiyojua mabadiliko hayo, ikichezwa mkononi, inachora 720 kama ilivyozoea, na mashine inaivuta ijaze kioo kikubwa zaidi. Uwiano wake ni moja na nusu. Ingekuwa mara mbili kamili, kila nukta ingegeuka nukta nne na picha ingebaki kali. Moja na nusu haigawanyiki. Nukta moja inaangukia katikati ya mbili, na mashine inalazimika kuchanganya rangi za majirani. Mchanganyiko huo ndio ukungu. Mwambie binamu aichomeke kwenye televisheni aone: pale gemu nyingi huchora picha kubwa zaidi, na ukungu hupungua.

Hali ya pili, gemu imepewa sasisho la bure. Pokémon Scarlet na Violet za 2022 zilikuwa zinakwamakwama mpaka zinaumiza macho. Sasisho la Switch 2 likazifikisha fremu 60. Hapo mtu alirudi akafungua programu, akaondoa kikomo na kuandika jibu jipya la swali "niko wapi?" Hali ya tatu ni toleo la Switch 2 la kulipia, kama lile la Breath of the Wild ya 2017, ambalo linapandisha fremu na ukali wa picha na kuongeza mambo mengine. Ushauri wangu: kabla binamu hajalipia chochote, ahakikishe mashine imeunganishwa na intaneti na kila gemu imesasishwa. Huenda aliyeona ukungu hajashusha sasisho ambalo ni lake bila senti.

Kwa hiyo ni mambo yale yale, lakini kwa tofauti moja kubwa. Kaseti yako ilitoka kiwandani ikiwa na jibu ndani yake, halibadiliki. Za binamu zinaweza kuandikiwa jibu leo, kama mwenye gemu ana nia.

Usije ukafikiri kununua toleo la kidijitali kutakupa duka lako. Oracle zote mbili zilipouzwa kwenye 3DS mwaka 2013, Advance Shop ilibaki imefungwa, kwa sababu emuleta ile, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, ilijitambulisha kama Color. Shantae ilikuwa na bahati: ilipotoka upya kwenye Switch 2021, waliweka namna zote mbili, ya Color na ya Advance, mchezaji achague. Emuleta nyingi za kompyuta nazo zinakuruhusu kuchagua ijifanye mashine ipi. Wanaohifadhi gemu za zamani wafanye hivyo siku zote. Kuihifadhi kaseti bila mwenyeji aliyekusudiwa ni kuhifadhi nyumba yenye chumba kisichofikika.

Kuhusu pete, nenda hivi. Weka kaseti kwenye SP, nunua pete, kisha hifadhi mchezo kwa menyu ya gemu kabla hujazima. Hifadhi inakaa ndani ya kaseti, si ndani ya mashine, kwa hiyo ukirudi kwenye Color mlango utafungwa lakini pete itakuwa mkobani. Hifadhi hiyo inashikiliwa na betri ndogo ya duara iliyochomelewa kwenye bodi, na ya kwako ina zaidi ya miaka ishirini. Ikianza kusahau mchezo, mpelekee fundi anayejua kuchomelea, na umwambie mapema kwamba kuna hifadhi ndani: ikitolewa betri bila kuiwekea bodi umeme mwingine wa muda, kila kitu kinafutika.